Chupa za Baba na hesabu ya kioo cha nchi nzima

Baba alipofariki mwaka jana alituachia nyumba, duka na kreti 61 za chupa tupu za soda. Nyumba na duka vilimalizwa katika kikao kimoja cha ukoo, hata arobaini haijafika. Chupa zimetusumbua miezi minane.

Duka liko Manundu, Korogwe. Wanaonikumbuka nikiwa mdogo wananikumbuka nimekalia kreti iliyopinduliwa, nahesabu chupa zinazorudi. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya ukadiriaji, kabla sijajua kwamba kuna watu wanaisomea chuo. Mteja akitaka soda, Baba hakuanza kumuuliza anataka ipi. Alianza na "umekuja na chupa?" Kama hana, anywee hapo hapo au aache hela ya chupa. Kwa miaka karibu arobaini chupa zilikwenda na kurudi, na zile zilizokosa safari zikarundikwa nyuma ya stoo, chini ya mwembe, zikafunikwa mabati.

Nilimpigia wakala wa soda. Akaja kijana na gari, akazipitia kreti moja moja, akachukua 39. Kreti 22 akazikataa. Nyingine chupa zake ni za umbo lililoachwa zamani, nyingine zimechubuka mabegani kwa kugongana, nyingine zina ukungu ndani usiotoka hata kwa mchanga. "Hizi hata zikifika kiwandani, mashine itazitema, dada." Nilipomuuliza kuhusu hela ya chupa ambayo Baba aliwahi kuiacha kwao kwa ajili ya hizo hizo kreti, akasema mambo ya zamani yeye hayajui. Haya.

Kreti 22 mara chupa 24 ni chupa 528. Nikapima moja kwenye mizani ya dukani: gramu 380. Kwa hiyo nilikuwa na kilo mia mbili za kioo kizuri chini ya mwembe. Nikaenda kwa jirani anayenunua vyuma chakavu. Huyu bwana hachagui: chuma, shaba, sufuria zilizotoboka, betri za gari, makopo ya plastiki, fremu za baiskeli. Nilipotaja chupa alicheka kwa upole, kama mtu anayemcheka mfiwa.

"Kioo nacho nitakipeleka wapi, dada?"

Usiku ule nililala na swali hilo. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ni kuoneshwa mchoro wa jengo na kusema litakula mifuko mingapi ya saruji, tani ngapi za nondo, mita ngapi za mraba za kioo. Nikawaza: ningeletewa mchoro wa nchi nzima, kwenye mstari wa kioo ningeandika nini? Na katika hicho, kiasi gani kingeweza kurudi tanurini kikayeyushwa?

Kukisia kioo cha nchi kuna njia mbili. Ya kwanza unaanzia juu: unachukua kilichotengenezwa viwandani na kilichoingia bandarini kila mwaka, unatoa kilichosafirishwa nje, unazidisha kwa miaka ambayo kioo kinadumu. Njia hiyo inataka vitabu vya forodha, na mimi nilikuwa na rula, tepu na mizani ya sukari. Nikaanzia chini: nihesabu vitu, nipime kimoja, nizidishe.

Kanuni moja inatosha kukufikisha mbali. Kioo cha kawaida chenye ukubwa wa mita moja ya mraba kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila milimita moja ya unene. Kioo cha milimita 5, basi, ni kilo 12.5. Fundi yeyote wa alumini anaijua hesabu hii kwa mabega yake, hata kama hajawahi kuiandika.

Nyumba ya Baba ina madirisha manane ya luva, kila moja mita 1.2 kwa 1.2. Vile vipande vya luva vinalaliana kidogo, kwa hiyo kioo chenyewe ni zaidi ya tundu la dirisha. Nilipata mita za mraba 12.5. Milimita 5. Jumla kilo 156.

Nilirudia hesabu mara mbili. Chupa zilizokataliwa zilikuwa na kioo kingi kuliko madirisha yote ya nyumba aliyoijenga mzee kwa miaka kumi na moja.

Hapo ndipo nilipoacha kuona jambo hili kuwa la kujiliwaza na msiba.

Sensa ya 2022 haikuhesabu watu tu, watu 61,741,120. Ilihesabu majengo pia, yakapatikana 14,348,372. Ila jengo kwenye hesabu hiyo laweza kuwa ghorofa la Posta na laweza kuwa chumba kimoja cha udongo chenye kidirisha cha ubao. Mangapi yana kioo? Nikiwa kwenye basi kurudi Dar nilikaa upande wa kushoto, na kuanzia Segera hadi Chalinze nikahesabu nyumba mia moja nilizoziona vizuri: 53 zilikuwa na kioo angalau dirisha moja. Lakini barabara ni mwongo. Aliyejenga kando ya lami ana kipato, na anajenga akijua anaonekana. Ukiingia ndani kilomita tano unakuta mbao, na hata hapa Dar kuna nyumba nyingi za nondo na nyavu tu, kwa sababu ya joto au kwa sababu vioo vinangoja mwakani. Nikashusha hadi nyumba nne kwa kumi. Hizo nne ni zangu, msimlaumu mtu wa takwimu.

Majengo hayo nikayapa wastani wa mita za mraba nane, na kilo 11 kwa kila mita, kwa kuwa vioo vya zamani ni vyembamba na vya sasa ni vinene. Inakuja tani 505,000. Ukiniambia ni tatu kwa kumi, inashuka hadi karibu tani 379,000. Ukiniambia ni tano, inapanda hadi 631,000. Upana wa kutojua kwangu ndio huo, na hakuna mstari mwingine kwenye jedwali langu unaoyumba hivi.

Ghorofa za vioo za mjini, zile ambazo jua la saa kumi likizipiga unafumba macho, nilidhani zitavuruga kila kitu. Hazikuvuruga. Chukua jengo la ghorofa 20, mita 25 kila upande, kila ghorofa mita 3.5 kwenda juu. Kuta zake ni mita za mraba 7,000. Toa zege na alumini, kioo kibaki kama mita 4,200. Kikiwa cha tabaka mbili za milimita 6 kila moja, ni tani 126. Ni kama nyumba 800 za aina ya kwa Baba, sawa, lakini hata tungekuwa na majengo mia moja ya namna hiyo ni tani 12,600 tu. Kioo cha Tanzania hakiko kwenye minara. Kiko kwenye dirisha la sebule.

Kisha vitu vya ndani. Jumamosi moja nilipima kila kitu cha kioo nyumbani kwangu Tabata isipokuwa madirisha: glasi, bakuli, vioo vya kabati, kioo cha kujitazama, rafu za friji, na meza ya kioo ambayo nilinunua kwa ujinga na ambayo peke yake ni kilo 12. Jumla kilo 41. Kwa Mama, ukiondoa duka, ni kilo tisa. Kwa bibi yangu kule milimani Lushoto, kioo cha chemli, glasi mbili za wageni, na kioo kidogo cha kunyolea cha marehemu babu: kilo moja haifiki. Nikaweka wastani wa kilo sita kwa kaya. Sensa inatoa watu 4.3 kwa kaya, yaani kaya milioni 14 na ushee, hivyo tani 86,000.

Katika vitu hivyo, TV za chogo nimeziandika pembeni. Dar ilizima mitambo ya analojia usiku wa Desemba 31, 2012, na tangu hapo machogo yamejaa stoo na mabanda ya mafundi redio. Nusu ya uzito wake na zaidi ni kioo, lakini kioo cha ile sehemu ya nyuma kina risasi ndani yake. Hicho hakitakiwi kukaribia tanuri la chupa.

Magari sikuyahangaikia sana. Gari dogo lina kioo kama kilo 35. Hata yakiwa milioni moja, ni tani 35,000.

Zikabaki chupa. Za kurudisha nilikisia kumi kwa kila kaya, kwa kujumlisha zilizoko majumbani, baa, madukani, kwa mawakala na kwenye magari. Tani 55,000. Zisizorudi, yaani za mvinyo, pombe kali, jemu, sosi na dawa za maji, nilikisia nusu kilo kwa kichwa kwa mwaka: ni kama chupa moja kubwa ya mvinyo kwa kila Mtanzania, mtoto kwa mkubwa, anayekunywa kwa asiyekunywa. Viroba vilipopigwa marufuku Machi 1, 2017, pombe kali ilitoka kwenye kifuko ikahamia kwenye chupa, nyingine za plastiki na nyingine za kioo. Nusu kilo kwa kichwa ni tani 31,000 kwa mwaka; na kwa kuwa chupa hukaa kama miezi sita kabla ya kutupwa, wakati wowote ule ziko tani 15,000 hivi.

Jumlisha vyote, pamoja na ile minara mia moja: tani 709,000. Gawa kwa watu, ni kilo 11 na nusu kila mmoja, pungufu kidogo ya mita moja ya mraba ya kioo cha dirisha. Ukitembea barabarani leo, mpe kila unayepishana naye kioo kimoja cha dirisha abebe kichwani, umeiona nchi.

Nilipomwonesha shemeji yangu, fundi alumini wa Buguruni, hakushangaa. Aliuliza swali ambalo mimi na shahada yangu nilikuwa sijaliuliza. "Sasa hiki cha kwenye nyumba za watu, utakivunja?"

Kioo kilichoko ukutani si mali ya tanuri. Ni mali ya mwenye nyumba, na atakitoa siku dirisha likivunjika au nyumba ikibomolewa. Kinachoweza kurejelezwa mwaka huu ni kile kinachotoka mwaka huu tu. Na kinachotoka leo kilijengwa na nchi ya jana. Mwaka 1967 tulikuwa watu milioni 12.3. Mwaka 1988 milioni 23. Mwaka 2002 milioni 34, mwaka 2012 karibu milioni 45, na sasa tumepita milioni 61. Nyumba nyingi zenye vioo hazijafikisha hata miaka ishirini. Madirisha yanayozeeka leo ni ya ile nchi ndogo, na hata ile nchi ndogo ilipenda mbao. Kwa hiyo katika tani 505,000 za majengo sidhani kama zinatoka zaidi ya tani 6,000 kwa mwaka.

Vitu vya ndani nikavipa miaka kumi: tani 9,000. Magari, tani 2,000. Chupa za kurudisha hupiga safari ishirini au zaidi kabla ya kuvunjika au kuchakaa; nikazipa miaka minne: tani 14,000. Zisizorudi hutoka zote zilizoingia, tani 31,000. Jumla kinachotoka ni tani 62,000.

Yaani chupa ni sehemu moja tu ya kumi ya kioo tulicho nacho, lakini ni karibu robo tatu ya kioo kinachotupwa. Ukipiga picha ya nchi unaona madirisha. Ukisimama dampo la Pugu Kinyamwezi unaona chupa.

Jedwali langu likawa na safu tatu: kinachotumika, kilicholala, kilichozikwa. Kilicholala ni kama kreti za Baba au TV ya chogo juu ya kabati: hakitumiki, hakijatupwa, kina mwenyewe. Kilichozikwa kiko dampo, kwenye makorongo, kwenye mashimo ya taka nyuma ya nyumba, na hakiozi. Kule Kilwa Kisiwani bado zinaokotwa shanga za kioo zilizokuja na majahazi kabla Mreno hajafika. Chupa niliyoivunja mimi kwenye mtaro wa Manundu mwaka 1994 ipo. Kuna vitu vilinitesa kuviweka. Vigae vya chupa vilivyochomekwa kwenye saruji juu ya ukuta ili mwizi achanike: vinatumika, tena usiku na mchana. Chupa ya Konyagi iliyojaa asali ya Tabora: inatumika, na itatumika hadi iende na asali nyingine na mafuta ya nazi na mafuta ya taa. Kwetu chupa haifi haraka. Watu wa mipango huandika "taka" mapema mno.

Turudi kwa jirani wa vyuma chakavu, maana alikuwa na hoja.

Kioo kikirudi tanurini kinasaidia kweli. Kioo ni mchanga, magadi na chokaa, vinayeyushwa kwenye joto la nyuzi kama 1,500. Magadi ni jamaa wa yale yale Mama anayoyatia kwenye maharage yakigoma kuiva. Humo kazi yake ni kuushawishi mchanga uyeyuke mapema. Ukiweka vigae vya kioo kwenye mchanganyiko, vyenyewe vimeshayeyuka mara moja na havina ubishi. Kwa kila asilimia 10 ya vigae unayoongeza, nishati hupungua kwa asilimia 2.5 hadi 3. Na tani moja ya vigae huokoa tani 1.2 za malighafi, kwa kuwa magadi na chokaa vikichomwa sehemu ya uzito wake hupaa kama hewa ya ukaa. Magadi tunayanunua. Ziwa Magadi la Kenya linachimbwa tangu miaka ya 1910. Ya kwetu ya Engaruka bado yako ardhini.

Na soko lipo. Kioo Limited wako Chang'ombe, wanatengeneza chupa. Mkuranga kuna kiwanda cha kioo bapa ambacho Rais Samia alikizindua Septemba 2023. Ila matanuri haya mawili hayali chakula kimoja. Kioo cha dirisha unaweza kukitia kwenye chupa, lakini chupa huwezi kuitia kwenye kioo cha dirisha; kioo bapa hakivumilii rangi wala uchafu. Chupa nazo zataka kutenganishwa: nyeupe peke yake, kahawia peke yake, kijani peke yake. Chupa chache za kahawia zikiingia kwenye nyeupe, unatoa chupa za rangi ya chai iliyomwagiwa maji. Bakuli la kuingiza kwenye oveni linaonekana kama kioo kingine chochote, lakini halikubali kuyeyuka kwa joto lile. Kipande cha sahani ya udongo ni kibaya zaidi: kinabaki kama kijiwe cheupe ndani ya chupa mpya, na hapo ndipo soda itakapoipasulia. Kioo cha mbele cha gari kina utando wa plastiki katikati ya tabaka mbili, lazima uuchune kwanza.

Hayo yote yanatatulika kwa mikono ya watu wanaojua. Kisichotatulika kwa mikono ni Korogwe. Kutoka pale mpaka tanuri la karibu ni kilomita karibu 300. Jirani yangu akinunua kilo mia za shaba anazituma kwa basi na anabaki na faida. Kilo mia za vigae, nauli inameza mzigo na bado inadai. Kioo ni kizito na bei yake ni ndogo. Hakuna mchanganyiko mbaya kuliko huo kwa mtu wa chakavu.

Ndipo nilipouelewa ule mfumo wa Baba, ambao nilikua ndani yake nikiudharau. Lori lililoleta soda zilizojaa lilikuwa linarudi Tanga au Dar kwa vyovyote vile. Chupa tupu zilipanda bure. Nauli yake ilishalipwa na soda. Hakuna kampeni, hakuna bango lenye mkono na jani la kijani: hela ya chupa na lori linalorudi. Na chupa haikuyeyushwa, ilioshwa tu, mara ishirini. Kwa gramu zile zile 380 umepata chupa ishirini kabla tanuri halijawashwa tena. Sasa soda nyingi za dukani ni za plastiki, mteja haulizwi alikuja na nini. Namwelewa, nami nikiwa safarini nachukua ya plastiki.

Kwa hiyo katika zile tani 62,000, ningetakiwa kuweka sahihi yangu ya kikazi kwenye kiasi kinachoweza kweli kurudi tanurini kila mwaka, ningesaini 20,000. Tani 10,000 za chupa zisizorudi kutoka Dar na Pwani, ambako nadhani theluthi ya chupa hizo inanyweka na guta linaweza kufika kiwandani. Tani 7,000 za chupa za kurudisha zinazovunjikia kwenye viwanda vya kujaza, kwa sababu ziko sehemu moja, zimetenganishwa rangi, na yapo malori ya kampuni. Tani 3,000 za madirisha ya zamani na za mabaki ya mafundi. Shemeji ananiambia katika kila shiti kumi anazokata, kama moja inaishia vipande visivyo na kazi. Anavitia kwenye pipa, pipa likijaa analipa guta likamwage. Analipa. Kioo safi, hakijaona hata vumbi la mtaa, kisicho na rangi, na mwenye tanuri yuko mwendo wa saa moja na nusu.

Tani 20,000 zingeokoa tani 24,000 za malighafi, magadi peke yake tani 4,000 na zaidi. Kwa tanuri linalotoa tani 200 kwa siku ni chakula cha siku mia moja.

Zanzibar nimeiacha nje ya hizo 20,000, ingawa inaniuma. Watu milioni 1.9, na hoteli za kaskazini na mashariki zinazokunywa mvinyo wa dunia nzima. Kila chupa inaingia kwa meli, na meli inarudi bara na nafasi. Kwa nini zisipande kama zilivyopanda za Baba? Mtu wa bandari ajibu. Wapo Chako pale Unguja wanaozikata na kuzifanya glasi na taa, na Arusha wapo Shanga wanaoyeyusha chupa na kuzipuliza upya. Majirani zetu wa Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, wamefanya hivyo kwa vioo vya madirisha miaka mingi. Ni kazi nzuri kwa macho na kwa ajira. Kwa tani haisogezi safu yangu, na nadhani wenyewe hawadai kwamba inaisogeza.

Mnisahihishe penye madirisha. Kama unaishi kijijini Kigoma, Lindi au Simiyu, simama mlangoni, hesabu nyumba ishirini zinazoonekana, niambie ngapi zina kioo. Usichague mtaa wa mwalimu mkuu.

Kuhusu kreti 22. Mama mmoja wa Mombo anayeuza asali alichukua saba, akatulipa kwa asali lita tatu. Kreti tano alichukua fundi anayejenga ukuta wa chupa na saruji kwenye choo cha shule, sina hakika nilielewa mchoro wake. Sita nilizivunja mwenyewe, nimevaa miwani ya saiti, zikajaa mifuko mitatu ya salfeti, na dereva wa fuso la machungwa ya Muheza aliyemfahamu Baba akanifikishia Buguruni bila kunidai. Shemeji akazichanganya na mabaki yake, tukapeleka pamoja kwa dalali wa Chang'ombe. Nilichopata kilitosha nauli ya kurudi Tabata.

Zilibaki nne. Mama amezikatalia. Amezipanga mbili mbili kwenye baraza la duka, kaweka ubao juu, na jioni anakalia hapo kumenya mihogo, akiwaambia wateja wapishe njia. Nimezitoa safu ya vilivyolala nikazihamishia safu ya vinavyotumika: chupa 96, kilo 36 na nusu.